Shangazi na Simu za Kisiwani

Mteja wa kwanza niliyekabidhiwa peke yangu alinikatia simu mara tatu katika siku moja. Alikuwa meneja wa kampuni ndogo ya simu katika kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye chumba changu cha mbele, mtaa wa Mwakingali hapa Voi, feni ikinipulizia magoti, nikijaribu kumweleza kwamba bila karatasi ninazotaka kumwandikia, watu wa kisiwa chake hawataweza tena kuwapigia watoto wao walioko Marekani.

Mara ya kwanza alisema, "Sinunui," akakata.

Mara ya pili nilitaja jina la ofisi yetu na nikaeleza nimepata wapi namba yake. "Siku hizi mnajua kujieleza," akasema, akakata.

Mara ya tatu aliniacha nimalize yote. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, namba yako inatoka Kenya. Unasema unataka kunisaidia mambo ya Marekani. Juzi kuna mwingine alitaka kunisaidia mambo ya benki ambayo sina hata akaunti. Mungu akubariki." Akakata.

Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha.

Kabla ya kazi hii nilikuwa karani wa wakili mmoja mzee hapa mjini kwa miaka kumi na mitano. Nilipiga chapa hati za kiapo, mikataba ya mashamba, na barua za watu waliogombania mipaka. Wakili alipostaafu alifunga ofisi, akarudi kwao pwani, akaniachia kabati la chuma na barua nzuri ya sifa. Nilikaa nyumbani miezi kadhaa kabla ya kuona tangazo la ofisi moja ndogo ya Nairobi iliyotaka mtu anayejua kuandika hati kwa Kiingereza kisicho na makosa, na anayeweza kufanya kazi akiwa kwake.

Kazi yenyewe ni hii. Marekani kuna balaa la simu za mashine. Simu inalia, mzee wa watu anaona namba inayofanana na ya jirani, anashika, kumbe ni sauti iliyorekodiwa inayomwambia mjukuu wake yuko jela au kadi yake ya benki imefungwa. Namba ni ya uongo na sauti ni ya uongo. Basi wakubwa wa huko wakaweka sheria. Kila kampuni inayoingiza simu nchini mwao ijiandikishe, ijitambulishe, ieleze inawazuiaje matapeli wasitumie laini zake, na kama mitambo yake inaweza, iweke muhuri wa kidijitali kwenye kila simu kuthibitisha kwamba namba inayoonekana ni ya mpigaji kweli. Kampuni ya nje isiyo kwenye orodha, au ambayo maelezo yake yameonekana ni maneno matupu, simu zake zinakataliwa mpakani. Makampuni makubwa yana mawakili. Madogo yanatupata sisi.

Kanisani nikiulizwa ninafanya nini siku hizi, nilikuwa nasema "naandika kwa kompyuta," na watu wananiacha hapo.

Kampuni hii ya kisiwani ilikuwa imepewa notisi. Maelezo yake yalikuwa na kasoro, ikapewa siku kumi na nne kurekebisha, la sivyo itatolewa kwenye orodha. Kampuni moja ya Marekani ilikuwa tayari imeanza kukataa simu zake. Aliyetupa kazi ya kuisaidia hakuwa meneja mwenyewe, bali ile kampuni ya Florida inayopokea simu za visiwa vile na kuziingiza Marekani. Walikuwa wamemwandikia meneja barua pepe kumwarifu kwamba tutampigia. Barua ilikuwa imezama mahali barua za matangazo zinapozama, na hakuiona.

Wakati huo nilikuwa nakaa na shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa ameteremka kutoka Wusi, kijijini kwetu milimani, kufanyiwa upasuaji wa jicho, na daktari akamwambia abaki mjini wiki tatu, atiwe dawa kila baada ya saa chache, asiiname, asikaribie moshi. Kwa mwanamke ambaye maisha yake yote ni shamba na jiko la kuni, hiyo ilikuwa adhabu. Alikaa kwenye kochi na miwani yake nyeusi, leso mabegani, akisikiliza kila kitu kwa kuwa hakuruhusiwa kufanya chochote.

Simu ya tatu ilipokatwa akaniuliza, "Nani alikukabidhi kwake?"

"Sijakabidhiwa, Shangazi. Nimepewa namba tu."

"Sasa ndiyo nini hiyo? Umeingia kwa mtu bila hodi."

Shangazi alikuwa opareta wa simu hapa Voi, enzi za bodi yenye matundu na waya za kuchomeka. Nilijua jambo hilo kama mtoto anavyojua mambo ya wakubwa, yaani sikujua chochote. Siku hiyo ndipo aliponieleza.

"Simu ikitoka Mombasa inatafuta shamba la mkonge, hainiruki mimi," alisema. "Mombasa ananiita, namjua kwa sauti. Mimi naita shamba. Karani wa shamba akinisikia anajua ni Voi. Namwambia, 'Nakupa Mombasa.' Hapo ndipo nachomeka waya. Huyo karani hakujui wewe wa Mombasa, lakini ananijua mimi. Tafuta mtu ambaye mzee wako anamjua, huyo ndiye akuite."

Nilijiona mjinga. Niliandikia kampuni ya Florida kabla usiku haujaingia, nikamwomba mama mmoja mhandisi wao, ambaye amefanya kazi na yule meneja kwa miaka, anitambulishe kwake. Kesho yake saa kumi na moja jioni yetu, ambayo kwao ni asubuhi, mama yule alimpigia kwanza, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua, kisha akaniunganisha.

"Huyu ndiye niliyekuambia," akasema. "Ni wetu."

"Aaa!" meneja akapaza sauti. "Yule dada wa Kenya! Nimemkatia mara tatu!" Akacheka mpaka akakohoa, akaniomba radhi mara tatu vilevile, moja kwa kila simu.

Tukaanza kazi. Alinitumia yale maelezo yaliyokataliwa, kurasa sita, nikayasoma mezani na kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza ulisema kampuni ina ukumbi wa wataalamu thelathini wanaochunguza simu mchana na usiku. Ukurasa wa tatu ulitaja jina la kampuni nyingine kabisa, ya nchi ya jangwani. Nilipofika wa tano, ulioeleza ulinzi wa ofisi za matawi katika miji minne, nikaweka kalamu chini. Kisiwa chenyewe, kwa jinsi nilivyokiona kwenye ramani, ungeweza kukizunguka kwa gari kabla chai haijapoa.

"Mzee," nikamwuliza kesho yake, "huu ukumbi wa wataalamu uko wapi?"

Nikasikia jogoo kwa mbali upande wake.

"Ukumbi ninao," alisema mwishowe. "Wataalamu ndio sina. Niko mimi, yuko dada wa kaunta, na yuko bwana wa kupanda nguzo. Maelezo hayo niliyanunua kwa mtu kwenye mtandao. Aliniambia kila mtu anayatumia."

"Uliyasoma?"

"Niliyatia sahihi."

Sikumlaumu. Miaka kumi na mitano nimeona watu wakitia sahihi mambo mazito bila kuyasoma, tena wengine wamevaa suti. Nilimwambia tutupe yote na tuanze upya, na safari hii tuandike kampuni yake ilivyo.

"Ilivyo?" akauliza, kama mtu aliyeambiwa avue shati. "Ilivyo ni ndogo, dada."

"Basi tutaandika ndogo."

Kwa siku tatu nilimhoji kwa video. Mtu mpya akitaka laini anafanyaje? Nani anapiga simu nyingi zaidi? Mkiulizwa na Marekani simu fulani imetoka kwa nani, mtajibu kwa muda gani? Sheria inawapa saa ishirini na nne, na meneja aliona ni nyingi mno. "Nikiulizwa asubuhi, naijua nyumba kabla ya chai," alisema. Lakini majibu yake yalikuwa mafupi. Alikuwa bado ana haya. Kila alichoniambia alikiambatanisha na "lakini sisi ni wadogo," na mimi nilikuwa na kurasa mbili tu, tena nyembamba.

Siku ya tatu tulifika kwenye muhuri wa kidijitali. Akaniambia mtambo wao ni wa zamani na hauwezi kuweka muhuri huo. Sheria inaruhusu jambo hilo, mradi maelezo yawe thabiti zaidi. Akaongeza, karibu kwa kunong'ona, kwamba mtambo huo angalau ni bora kuliko ule wa kwanza, bodi ya waya aliyoifanyia kazi mama yake.

Shangazi akainuka kwenye kochi.

"Mwulize mama yake alikuwa na laini ngapi."

"Shangazi, tuko kazini."

"Mwulize."

Nikamwuliza. Meneja akataka kujua ni nani anayeuliza. Nikageuza kompyuta, na shangazi akakaa mbele yake na miwani yake nyeusi, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, nyembamba, safi, ya Kiingereza cha zamani: "Voi exchange, good afternoon."

Yule mzee alifunika uso kwa mikono yote miwili. Kisha akajibu kwa jina la kituo cha mama yake, kwa namna ileile.

Niliwaachia. Nilidhani ni dakika tano, wakakaa karibu saa nzima. Meneja alikua chini ya ile bodi, akilala kwenye godoro dogo huku mama yake akiunganisha watu juu ya kichwa chake. Shangazi akamweleza jinsi alivyounganisha Wundanyi na Taveta wakati wa mvua, laini zikinguruma kama jiko la mafuta. Wakalinganisha majina ya vifaa. Wakalinganisha maumivu ya mgongo. Ndipo shangazi akamwuliza swali ambalo mimi, na fomu zangu zote, sikuwahi kumwuliza.

"Wahuni mliwajuaje?"

Kwanza akamsimulia wa kwake. Mtu mmoja alipiga kutoka Taveta akidai ni mkubwa wa polisi, akataka aunganishwe na shamba la mkonge ili awaagize watume lori haraka. Shangazi alimjua mkubwa wa polisi. Alikuwa mtu wa kusalimia kwanza, kuulizia watoto, kisha ndipo anaomba laini. Huyu hakusalimia. Shangazi akamwambia laini imeharibika, akampigia yule mkubwa mwenyewe. Mkubwa wa polisi alikuwa nyumbani kwake anakula.

Meneja akapiga meza kwa furaha. "Sisi tulimpata wa mkoba!" akasema.

Na hapo hadithi ikatoka yote, bila haya. Mwaka uliotangulia mgeni mmoja aliyevaa vizuri alishuka mashuani na mkoba, akaenda kwa dada wa kaunta, akaomba laini mia mbili kwa mpigo. Alikuwa tayari kulipia mwaka mzima. Dada wa kaunta akamwuliza ofisi yake iko wapi. Akasema atapanga. Akamwuliza ni nani kisiwani anayemfahamu. Akasema yeye ni mfanyabiashara wa kimataifa. Dada akamwambia, "Sawa, utakapopata ofisi nitakuja kuiona, na utakapopata mtu wa hapa anayekujua, njoo naye." Mgeni akaondoka na mashua ya jioni, hakurudi. Tangu siku hiyo wakaweka kanuni kwamba hakuna anayepewa zaidi ya laini tatu mpaka dada wa kaunta aende kwa miguu yake kuona mahali zitakapofungwa. Na kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, hupitia orodha ya simu za jana. Nyumba iliyozoea simu nne ikipiga arobaini, anaenda kuuliza kama kuna msiba.

Vidole vyangu vilikuwa vinakimbia kwenye vitufe. Hicho ndicho walichokuwa wanakitaka wale wakubwa wa Marekani: mnawajuaje wateja wenu, mnafanya nini mkiona jambo si la kawaida, nani anahusika. Kilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekiona kuwa kinafaa kuandikwa.

Likabaki jambo moja. Katika maongezi hayo meneja alitaja kwa bahati kwamba mchungaji wa kisiwa hurekodi tangazo kila Jumamosi, na mtambo huwapigia waumini wote kuwasomea.

"Wote wako kisiwani?" nikauliza.

"Wote. Ila kumi na mmoja wako Marekani."

Nikashika kichwa. Sauti iliyorekodiwa, inapigwa na mashine, inaingia Marekani. Mchungaji wa watu, bila kujua, alikuwa anafanya jambo lilelile tunalopigana nalo. Nilieleza kwamba si kosa mradi wenyewe wamekubali, na kukubali huko kuwe kwa maandishi. Siku mbili baadaye meneja akanitumia picha ya daftari la shule. Mchungaji alikuwa amewaandikia wote kumi na mmoja, nao wamejibu, akayapanga majibu yao kwa mwandiko wa kupendeza. Mmoja alikuwa ameongeza kwamba anakubali, lakini tangazo liwe fupi.

Niliandika maelezo mapya kurasa nne na nusu. Nikayapeleka kwa bosi wangu Nairobi. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi, mwerevu, mwenye haraka.

"Dada, hii ni nzuri," akasema kwenye simu, "lakini nani anaandika habari ya mtu na mkoba kwenye hati rasmi? Hawa watu wanataka lugha ya kitaalamu."

"Lugha ya kitaalamu ndiyo iliyokataliwa," nikamwambia. Sikuwa nimezoea kumjibu hivyo.

Akasoma tena. "Dada wa kaunta abadilike awe 'afisa wa huduma kwa wateja'."

"Sawa."

"Na mkoba?"

"Mkoba ubaki."

Akacheka. "Ubaki."

Hati hiyo hutiwa sahihi na mkubwa wa kampuni, tena kwa kiapo. Nilimwambia meneja sitampelekea mahali pa kuweka sahihi mpaka anisomee yote kwa sauti. Alisoma taratibu, kidole kwenye mstari, na dada wa kaunta amesimama nyuma yake. Walipofika kwenye habari ya mkoba dada aliweka mkono mdomoni. Meneja alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Hii ndiyo kampuni yangu," alisema.

Akatia sahihi.

Tulipanga kutuma Jumamosi, kwa sababu siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu na bosi hapendi kufukuzana na siku ya mwisho. Ijumaa ikatoka taarifa kwamba Voi nzima haitakuwa na stima Jumamosi, kutwa, wanabadilisha nguzo. Siku hiyohiyo daktari alimwangalia shangazi jicho, akamwambia limepona, anaweza kwenda. Shangazi hakungoja aambiwe mara mbili. Jirani mmoja alikuwa na pikapu inayopeleka saruji Mwatate na kuendelea hadi milimani.

"Kwangu stima ipo," shangazi akaniambia akifunga leso zake. "Na mtandao uko kwenye zizi."

Tulipanda. Nimepita njia ile mara nyingi, lakini safari hii nilisafiri na shangazi anayeona. Kuanzia Mwatate alikuwa ananionyesha kila kitu kama mgeni: mahindi ya fulani yamekomaa, yule amepaka bati rangi, ule mgomba haukuwepo. Joto la Voi lilibaki bondeni. Tulipofika Wusi hewa ilikuwa baridi na safi, na wanawake wanne wa ukoo walikuwa uani wamekaa kwenye magunia wakipukuchua maharagwe. Walimpokea shangazi kwa Kidawida, lugha yetu ya milimani, wote kwa pamoja, wakimwonyesha vidole na kumwuliza ni vingapi, naye akiwajibu sawasawa mpaka mmoja akamwonyesha ngumi.

Zizi ndipo mtandao ulipokuwa kweli. Niliweka kiti cha plastiki kwenye ukuta wa mbao, kompyuta magotini, na ng'ombe akanipumulia shingoni. Nikaifungua tovuti ya kujiandikishia, nikajaza jina la kampuni, anwani, jina la mhusika, nikaweka alama kwenye visanduku kimoja kimoja, nikiangalia kila kimoja mara mbili. Wanawake waliacha maharagwe, wakaja kusimama nyuma yangu. Nilibonyeza kutuma hati, na ile duara ikaanza kuzunguka. Ikazunguka. Mmoja akaanza kuhesabu kwa Kidawida, wengine wakamfuata. Walikuwa wamepita thelathini ukurasa ulipobadilika na kuleta namba ya kumbukumbu.

Walipiga vigelegele, ng'ombe akaruka, na mimi karibu niidondoshe kompyuta kwenye samadi.

"Umetuma nini?" akauliza mmoja wao baadaye, tukiwa tumekaa kwenye magunia na mimi nimepewa sinia langu la maharagwe.

"Barua ya kisiwa kimoja, mbali. Wanaomba wasifungiwe simu."

"Inasema nini?"

Basi nikawatafsiria, mstari kwa mstari. Walimsikiliza mgeni na mkoba wake kama watu wanaosikiliza kesi. Nilipofika pale dada anaposema atakuja kuiona ofisi, mama mmoja mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyo msichana amelelewa," alisema.

Tangu siku hiyo sijawahi tena kumwambia mtu kwamba naandika kwa kompyuta tu.

Jibu lilikuja wiki ya pili yake. Notisi imeondolewa, kampuni inabaki kwenye orodha. Ile kampuni ya Marekani iliyokuwa inakataa simu ikachukua siku mbili nyingine kufungua. Kisha jioni moja meneja akanipigia kwa video. Alikuwa ameifunga simu yake kwenye nguzo ya kaunta ili nione ofisi nzima. Alikuwepo dada wa kaunta, bwana wa nguzo na mkanda wake, mchungaji, na bibi mmoja mdogo wa mwili amekaa kwenye kiti cha wateja na kofia ya kanisani.

"Huyu ni dada yangu mkubwa," meneja akaniambia. "Sisi wengine tunapiga kwa mtandao. Yeye ana simu ya nyumbani tu, nyingine hataki. Ana wiki sita hajampata mwanawe."

Wakamsogezea simu ya kaunta, ya waya, wakaiweka kwenye spika. Bibi alibonyeza namba bila kuangalia mahali popote. Zamani kidogo wangesikia milio mitatu mifupi, simu imekataliwa. Sasa kulikuwa na kimya, mkwaruzo, kisha ikaita. Ikaita tena. Mchungaji alikuwa amefumba macho.

"Hello? Mama?"

"Ni mimi."

"Mama! Umepata wapi laini?"

"Laini ninayo siku zote," bibi akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa umefungwa."

Ofisi ikalipuka. Bwana wa nguzo alikuwa anamkumbatia mchungaji. Mimi nilikuwa peke yangu chumbani Mwakingali, nikicheka na kufuta macho kwa pindo la dera. Bibi hakujali kelele. Alikuwa ameshaanza kumwuliza mwanawe kama anakula.

Bosi alinipa kampuni nyingine tatu baada ya hapo, mbili za visiwa na moja ya mji wa milimani Amerika ya Kusini. Pia aliniomba jambo ambalo sikulitegemea. Alitaka shangazi azungumze na wafanyakazi wapya wa Nairobi, kwa dakika kumi tu, awaeleze simu ilivyokuwa inapita mkono kwa mkono, ili waelewe kile wanachokiandikia.

Shangazi aliteremka Voi kwa uchunguzi wa jicho, akaja na gauni lake la kanisani ndani ya mfuko. Alivaa, akajifunga kilemba, akakaa mbele ya kompyuta robo saa kabla ya wakati. Vijana walikuwa tisa, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Zile dakika kumi zilipita, na ishirini, na arobaini. Nilimwona bosi ameegemeza kidevu mkononi, akisikiliza.

Mwishoni msichana mmoja akainua mkono. "Shangazi, samahani. Mlikuwa mnasikiliza maongezi ya watu?"

Niliona wenzake wakijizuia kucheka. Shangazi hakuona haya hata kidogo.

"Ilikuwa hairuhusiwi," alisema. "Lakini mtu wa stesheni ya Maungu akiomba Bomeni, kule Taveta, saa tatu, akaomba Bomeni saa nne, na saa tano tena, na kila mara ni mwalimu yuleyule, wewe ungeacha kusikiliza?"

Kisha akavuta kiti karibu na kompyuta, akaanza kuwasimulia habari za yule fundi wa reli wa Maungu na yule mwalimu wa Bomeni, na hakuna aliyemkatiza mpaka wawili hao walipofunga ndoa.